Presha imeandikwa, nani ataifanyia kazi? Uzi kuhusu usalama wa wagonjwa mahututi Unguja na Pemba

Muuguzi wa Usiku (mleta uzi)

Assalamu alaykum ndugu zangu wa visiwani, pamoja na wenzetu wa bara mnaopita hapa. Mimi ni muuguzi kwa miaka 19 sasa, na 11 kati ya hiyo nimeitumikia katika chumba cha wagonjwa mahututi, kile ambacho sote tumezoea kukiita ICU. Nimefungua uzi huu kwa sababu kila inapotajwa ICU, mazungumzo yetu huishia kwenye mashine: ngapi zimeletwa, ngapi zimeharibika, nani kazitoa. Mashine zina kazi kubwa na sitothubutu kuzidharau, lakini jambo ninalotaka tulijadili ni jengine, nalo halihitaji meli kutuletea.

Miaka kadhaa iliyopita, katika hospitali ambayo sitoitaja, niliingia zamu ya asubuhi saa 1:30 nikakabidhiwa mgonjwa wa kitanda cha tatu, mama aliyepata maambukizi makali baada ya kujifungua kwa upasuaji. Nilichukua karatasi yake ya vipimo iliyokuwa imening'inizwa miguuni pa kitanda. Saa 8 usiku presha ya juu, yaani ile namba ya kwanza kati ya mbili za presha, ilikuwa 84. Saa 9 ikawa 78. Saa 10 alfajiri 76, saa 11 ikafika 72. Namba zote ziliandikwa kwa hati nzuri, kwa kalamu ya buluu, kila moja ndani ya kijumba chake, na pembeni hapakuwa na neno hata moja: si kwamba daktari ameitwa, si kwamba dripu imeongezwa. Nilipomshika goti nilikuta baridi, na mfuko wa mkojo ulikuwa na kiasi cha kijiko cha chai tu tokea usiku wa manane. Mama yule alifariki kabla ya adhuhuri.

Mwenzangu wa zamu ya usiku hakuwa mvivu, na ninaomba asihukumiwe na mtu yeyote atakayesoma hapa. Alikuwa peke yake na wagonjwa sita. Aliambiwa apime kila saa, naye alipima kila saa. Hakuna aliyemwambia presha ikifika ngapi ni lazima amwite daktari, na siku chache kabla ya hapo alipompigia simu daktari wa zamu usiku alijibiwa kwa ukali kwamba asimuamshe kwa mambo madogo. Karatasi ile ilikuwa na safu ya mapigo ya moyo, ya presha, ya pumzi, ya joto na ya oksijeni, lakini haikuwa na safu ya kuandika umefanya nini. Mimi nilikuwa nimeitumia miaka mitano bila ya kuuliza kwa nini.

Hilo ndilo ninalotaka kulisema: kupima si kumhudumia mgonjwa. Huduma huanza pale namba inapomfanya mtu asimame na atende jambo, tena mtu huyo awe anajulikana na awe na ruhusa.

Wenzetu wa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili walilifanyia utafiti jambo hili hili, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2015. Hawakununua mashine mpya. Walikubaliana juu ya dalili za hatari katika vipimo vya kawaida, kisha kila dalili wakaipangia tiba ya haraka ambayo muuguzi anaweza kuianza hapo hapo. Vifo kwa wagonjwa wote kwa ujumla havikupungua kwa kiasi cha kujivunia, na ni haki tuseme hivyo. Lakini kwa wale waliofika ICU presha yao ikiwa tayari imeshuka, vifo vilipungua kutoka asilimia 92 hadi asilimia 69. Ukizitafakari namba hizo utaona kwamba katika kila wagonjwa 100 wa aina ya yule mama, zaidi ya 20 wangekuwa hai.

Katika kitengo nilichohamia baadaye tulikaa kitako, wauguzi na madaktari pamoja, tukaandika mipaka yetu kwenye karatasi moja na kuibandika ukutani. Kwa mtu mzima, presha ya juu ikiwa chini ya 90, oksijeni inayopimwa kidoleni chini ya asilimia 90, pumzi chini ya 8 au zaidi ya 30 kwa dakika, mapigo ya moyo chini ya 40 au zaidi ya 130, au mgonjwa akiacha kuitikia anapoitwa, muuguzi haombi ruhusa. Anaanza na lililo mikononi mwake: anamlaza vizuri na kufungua njia ya hewa, anaongeza oksijeni, anaangalia kama kuna damu inayovuja, kama dripu imeziba au mpira umekunjika. Kisha anaita, na asipoitikiwa ndani ya dakika 10 anamwita mkubwa wa yule aliyemwita mwanzo.

Ninaongeza tahadhari moja, kwani nimeona baadhi yetu wakidhani kila presha iliyoshuka hutibiwa kwa kumimina maji mengi kwenye mshipa. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uliowahusisha watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko dhaifu wa damu nchini Kenya, Uganda na hapa Tanzania, ikiwemo hospitali ya Teule iliyopo Muheza, ng'ambo tu ya mkondo wa Pemba. Watoto waliopewa maji kwa haraka walifariki kwa wingi zaidi kuliko wale ambao hawakupewa kwa namna hiyo: zaidi ya asilimia 10 ndani ya saa 48, dhidi ya asilimia 7.3. Kwa hiyo mpaka wa hatari unamtaka mtu aje kumtazama mgonjwa, amguse, amsikilize kifua, na ndipo aamue. Haumtaki afungue dripu kwa mazoea.

Kuna jambo la kihistoria ambalo huwaeleza wanafunzi wangu kila mwaka. ICU ilizaliwa Copenhagen wakati wa mripuko wa polio wa mwaka 1952. Mashine za kupumulia za zama zile zilishindwa: kati ya wagonjwa 31 wa mwanzo waliotibiwa kwa mashine hizo, 27 walifariki. Kwa ushauri wa daktari wa usingizi Bjørn Ibsen, binti wa miaka 12 alitobolewa koo, akapitishwa mpira, na hewa ikasukumwa kwa mfuko wa kubinya kwa mkono. Ikawa ndiyo njia. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana zamu kwa wiki na wiki, kila mmoja amekaa pembeni ya mgonjwa wake, akibinya mfuko na kumtazama uso. Kwa hivyo hata chimbuko la chumba hiki ni mtu aliyekaa karibu na mgonjwa bila ya kumwacha.

Ninakaribisha michango, khasa ya waliowahi kuuguza jamaa zao na ya wenzangu wa hospitali za Abdalla Mzee, Chake Chake, Wete na Mnazi Mmoja.

Mwana wa Kiuyu

Wa alaykumu ssalaam dada muuguzi, na Mungu akulipe kwa kulisema hili waziwazi. Baba yetu alilazwa ICU siku tisa baada ya kupatwa na kiharusi. Sisi watoto tulikaa nje kwenye baraza na chupa ya chai, tukiruhusiwa kuingia mmoja mmoja kwa dakika chache. Siku ya sita nilimwona tumbo limemjaa na uso umebadilika, kwa namna ambayo mtu aliyemzoea kwa miaka 40 hawezi kuikosea. Nilinyamaza. Niliona wataalamu wapo na mashine zinalia, nani mimi wa kusema. Usiku ule hali yake ilibadilika, na baadaye tuliambiwa kwamba chakula cha mpirani kilikuwa hakishuki tumboni, kikarudi na kuingia kifuani. Alhamdulillahi alipona, ingawa kwa tabu.

Suali langu ni hili: jamaa wa mgonjwa anaweza kusema nini na kwa nani, bila ya kuonekana anaingilia kazi za watu? Na je, kuna mambo ambayo sisi jamaa tunayafanya kwa nia njema lakini yanamdhuru mgonjwa?

Muuguzi wa Usiku

Ndugu yangu, pole sana, na ahsante kwa suali ambalo lingepaswa kuulizwa na sisi kabla yako.

Kwetu sasa tumeliandika neno lako katika ile karatasi ya ukutani. Jamaa akisema "leo hayupo kama jana", hiyo inahesabiwa kuwa dalili ya hatari sawa na presha iliyoshuka, na muuguzi anawajibika kumpima upya mgonjwa palepale. Ukiingia, uliza jina la muuguzi anayemshika mgonjwa wako katika zamu ile na umwambie yeye ulichokiona, kwa maneno ya kawaida: tumbo limejaa, mkono umevimba penye sindano, hapumui kama jana. Usitafute maneno ya kitaalamu. Chagueni pia mtu mmoja wa kuzungumza na madaktari kwa niaba ya ukoo, kwani habari ikipita midomo saba hufika ya nane.

Kuhusu yanayodhuru, ninalisema kwa heshima kwa sababu ninajua lilivyo na uzito katika nyumba zetu. Jamaa wengi hutaka kumpa mgonjwa maji ya zamzam au kombe, yaani maji yaliyooshewa aya za Qur'ani. Mgonjwa ambaye hana fahamu timamu hawezi kumeza. Tone dogo likiteremka kwenye njia ya hewa linaweza kumletea nimonia ambayo mwili wake hauna nguvu ya kupambana nayo. Tuambieni, tutawapa pamba safi mumloweshe midomo huku sisi tukisimama pembeni. Kumsomea Qur'ani kwa sauti ndogo karibu na sikio hakuna wa kukukatazeni, na binafsi nimeona mapigo ya moyo yakitulia mtoto anapomsomea mamaake. Mikono ioshwe kwa sabuni au dawa kabla ya kumgusa na baada ya kumgusa. Na ukimwona muuguzi au daktari anamgusa mgonjwa wako bila ya kuosha mikono, mkumbushe. Akikasirika, kosa ni lake.

Kilichompata mzee wako huzuilika mara nyingi kwa jambo dogo: kichwa cha kitanda kiinuliwe nyuzi 30 hadi 45 muda wote, isipokuwa pakiwa na sababu ya kitabibu ya kumlaza chali. Ukiingia ukakuta kitanda kimelala, uliza.

Fundi wa Vifaa Tiba

Nakubaliana na mleta uzi, lakini naomba nilete upande wangu, kwani namba isiyofanyiwa kazi ipo hata kwenye mtungi wa oksijeni.

Mtungi mdogo wa kusafirishia mgonjwa, ule unaobebwa kwenye gari ya wagonjwa, aghalabu hubeba lita 680 ukiwa umejaa. Mgonjwa anayetumia lita 5 kwa dakika ataumaliza kwa dakika 136. Akihitaji lita 10, ni dakika 68 tu. Sasa mfikirie mgonjwa anayetolewa Wete kupelekwa Unguja kwa boti: gari hadi bandari ya Mkoani, kungoja, bahari, kuteremka Malindi, kisha gari nyengine hadi hospitali. Mshale ukionesha nusu kabla ya kuondoka, basi ndani mna nusu, na hesabu yote inakatika katikati. Niliwahi kupokea mgonjwa, mahali sitopataja, ambaye mtungi wake ulikwisha safarini na waliomsindikiza hawakujua, kwa sababu barakoa ilikuwa bado imekaa vizuri usoni. Tokea siku ile nimebandika hesabu hiyo kwenye kila mtungi ninaoushughulikia, na ninasisitiza ibebwe oksijeni maradufu ya muda wa safari nzima, kungoja kukiwa ndani yake.

La pili ni umeme. Wazee wenzangu wa Unguja hawajasahau kiza cha mwaka 2008, karibu mwezi mzima kuanzia Mei, wala kile cha kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Pemba nayo ilipata waya wa baharini kutoka Tanga mwaka 2010, na kabla ya hapo ikitegemea majenereta. Mashine ya kupumulia ina betri yake, lakini betri huchoka kimyakimya, na mtu hugundua siku umeme ulipokatika. Ichomolewe kwa makusudi kila mwezi, ikiwa haina mgonjwa, ihesabiwe itadumu dakika ngapi, na namba hiyo iandikwe juu ya mashine. Na kila kitanda chenye mashine kiwe na mfuko wa kubinya kwa mkono, tunaouita ambu, uliojaribiwa mwanzoni mwa zamu. Ukiwa umefungiwa kabatini na ufunguo ukawa kwa mtu aliyekwenda nyumbani, haumsaidii mgonjwa.

Daktari wa Zamu

Nimesoma nikiwa kimya tangu jana, na ninaona nina wajibu wa kusema. Nimo katika wale waliowahi kumjibu muuguzi kwa ukali usiku. Sikumbuki mgonjwa aliyehusika, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi, kwani yumkini lilikuwapo jambo ambalo sikulisikia.

Kilichonibadilisha ni kusoma namna walivyopunguza maambukizi ya mipira inayoingizwa kwenye mshipa mkuu wa damu kupitishia dawa katika jimbo la Michigan, Marekani, kazi iliyoongozwa na Daktari Peter Pronovost na kuchapishwa mwaka 2006. Orodha yao ilikuwa na mambo matano tu: kuosha mikono, kusafisha ngozi kwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, kumfunika mgonjwa mwili mzima na daktari kuvaa gauni, barakoa na glavu safi, kuepuka mshipa wa kinena, na kuutoa mpira mara usipohitajika tena. Hakuna daktari asiyeyajua hayo. Jipya lilikuwa kwamba muuguzi alipewa mamlaka ya kumsimamisha daktari akiruka hatua yoyote, na uongozi ukasimama nyuma yake. Katika ICU 103, kiwango cha kati cha maambukizi kilishuka kutoka 2.7 kwa kila siku 1,000 ambazo wagonjwa walikaa na mpira hadi sifuri ndani ya miezi mitatu.

Kwa wauguzi ninaofanya nao kazi, nimeomba wakinipigia simu waseme mambo manne kwa mpangilio: mgonjwa ni nani na yuko kitanda gani, kalazwa kwa maradhi gani, umeona nini sasa na umeshafanya nini, na unataka nifanye nini. Hilo la mwisho ndilo gumu kwao, kwa sababu tumelelewa kwamba mdogo hamwamrishi mkubwa. Lakini "dokta, naomba uje sasa" si utovu wa adabu. Ikisemwa hivyo, ninainuka.

Msomaji wa Micheweni

Samahani, mimi nina shaka. Mnayoyasema ni mazuri, lakini muuguzi mmoja kwa wagonjwa sita atapata wapi muda wa kuongeza safu, kupiga simu na kufuatilia? Nahofia tutazidisha makaratasi na mgonjwa abaki palepale. Na hospitali zisizo na ICU zifanye nini?

Muuguzi wa Usiku

Shaka yako ni ya haki, na uhaba wa wauguzi ni tatizo ambalo karatasi haitoliondoa; ICU inataka muuguzi mmoja kwa mgonjwa mmoja au wawili, na hilo lazima tuendelee kulidai kwa kila njia. Kwetu tulipoongeza safu moja, ile ya kuandika umefanya nini, tuliondoa nyengine tatu zilizokuwa zikijazwa kwa mazoea bila ya kusomwa na mtu. Makabidhiano nayo tumeyahamisha kutoka mezani hadi kitandani kwa mgonjwa. Anayetoka na anayeingia husimama pamoja, hushika mpira baada ya mpira, huangalia mgongo na visigino kwa ajili ya vidonda vya kulalia, husoma dripu inayoingia na kuuliza kama kila kitu bado kinahitajika. Mgonjwa mmoja huchukua dakika nne au tano. Mwanzoni wenzangu walilalamika. Sasa akija mtu anayetaka kukabidhi kutoka mezani, wao ndio wanaomvuta.

Kuhusu hospitali zisizo na ICU, hapo umegusa penye kina. Utafiti uliofanyika katika nchi 22 za Afrika na kutolewa mwaka 2025 ulionesha kwamba takriban mgonjwa 1 kati ya kila 8 waliolazwa ni mahututi, na wengi wao wako katika wodi za kawaida. Kwa hiyo karatasi ya mipaka ina kazi kubwa zaidi wodi ya wazazi na wodi ya watoto kuliko kwangu, ila namba za watoto ni tofauti kwa kila umri na zisinakiliwe kutoka zile nilizoziandika juu. Kipimo cha presha, saa yenye mshale wa sekunde, kipimo cha oksijeni cha kidoleni, oksijeni yenyewe na mashine ya kufyonzea makohozi: wodi yenye vitu hivyo na mtu anayejua lini aite inaweza kumvusha mgonjwa hadi asubuhi.

Mmoja wenu ameniomba kwa ujumbe nimuoneshe ile safu inavyojazwa. Siwezi kubandika karatasi ya mgonjwa, lakini ninaweza kukuandikieni mistari ya usiku wa kuamkia leo bila ya jina wala kitanda: "Saa 9:20, presha 86, ngozi baridi. Miguu imeinuliwa, oksijeni imeongezwa, daktari ameitwa. Saa 9:35, daktari amefika, amemkagua, dripu na dawa ya kupandisha presha vimeanza. Saa 10:30, presha 104, mkojo umeanza kutoka." Aliyeandika ana miezi saba kazini.